Jaketi la Watu Wawili

Mtaani kwetu Ruhuwiko ukitaka kumjua mtu, tazama kamba yake ya kuanikia. Huyu ni mwalimu, yule ni askari, wale wamepata mtoto. Kwenye kamba ya jirani yangu kulikuwa kunaning'inia jaketi jeusi lisilo na mikono, nene kama godoro la kichanga, lenye mikanda, mipira na klipu, likichuruzika maji. Wapita njia waligeuza uso upande wa pili. Walijua limetoka wapi na limetoka kumbeba nani.

Tulimwita Mzamiaji. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini hata marehemu mkewe alikuwa akisema, "Mzamiaji bado hajarudi, mwacheni akija." Wageni walicheka wakisikia kuna mzamiaji anaishi Songea, mji wa milimani, ambako ukitaka kuliona ziwa lazima upande basi la Mbamba Bay na kuteremka kona baada ya kona mpaka masikio yazibe. Yeye alikuwa na jibu moja tu. Mke alikuwa wa hapa, mke alikataa kuhama, na katika ndoa ile hakuna siku aliyowahi kushinda ubishi.

Ujana wake aliumalizia Ziwa Nyasa akikamata samaki wadogo wa rangi, wale wanaosafirishwa nje kwenda kufugwa kwenye vioo. Biashara ile ilipolala, mwenzake alibaki Mbamba Bay na mitungi pamoja na mashine ya kuijazia hewa, yeye akabaki na jaketi lake. Ndipo watu wakaanza kumwita kwa kazi nyingine. Mtu akizama na ziwa likakataa kumrudisha, ndugu walimpigia simu yeye. Wazamiaji wengine wapo, lakini wako mbali, na mtu aliyefiwa hajui kusubiri.

Sharti nilieleze hilo jaketi, maana bila jaketi mzee huyu haeleweki. Ndani yake mna mfuko wa hewa. Mgongoni unafungwa mtungi. Ukibonyeza kitufe, hewa ya mtungi inaingia kwenye mfuko na wewe unapanda. Ukibonyeza kingine, hewa inatoka, unashuka. Mitungi ilimsubiri kule kule ziwani, kwa hiyo alichosafiri nacho ni jaketi, mdomo wa kupumulia, miwani na mapezi ya miguuni. Vyote aliviweka kwenye begi moja la turubai, na begi hilo nilimshonea mimi. Kazi yangu ni ufundi wa mabegi na viti vya magari, pale Majengo. Zipu ikikatika analeta, mkanda ukilika analeta, na kila alipoleta nilipoteza wateja, maana akina mama walioleta mikoba yao hawakutaka ikae meza moja na lile jaketi. Nilimlalamikia sana. Alikuwa anacheka.

Alikuwa na tabia ya kupima uzito wa kila kitu. Akiingia kibandani kwangu, kabla sijamaliza shikamoo, tayari ameshanyanyua begi la mteja kwa vidole viwili. "Hili zito bure, fundi. Mwenyewe ataliacha njiani." Sokoni alinyanyua maboga. Kanisani nilimwona kwa macho yangu akinyanyua kiti cha padri, akitikisa kichwa, kisha akakirudisha taratibu. Mtoto akizaliwa mtaani, wengine wanauliza wa kike au wa kiume. Yeye aliomba kumpakata, anatulia naye kidogo, halafu anamrudisha kwa mama yake bila kusema kitu.

Alikuwa mwoga kuliko watu wote niliowahi kuwafahamu. Bodaboda hakupanda. Barabara hakuvuka mpaka ashikwe mkono. Mvua ikinyesha alijifungia ndani na redio. Mtu huyu huyu alikuwa anashuka peke yake kwenye maji ambayo hata wavuvi wa kule hawataki kuyatazama kwa muda mrefu. Na samaki alikula. Hilo lilimuudhi kila mtu. Dagaa wa Nyasa wakiletwa sokoni alikuwa wa kwanza kupanga foleni, anachagua, anabishana na muuzaji, na watu nyuma yake wananong'ona kwamba huyu hana kinyaa. Nilimuuliza siku moja anawezaje. Akaniambia dagaa hawamjui mtu yeyote, acha ujinga.

Kwenye mabasi ndiko alikopata taabu. Makondakta wa njia ya ziwani walishamjua, na begi lake waliliita begi la maiti. Wengine walikataa lisikae buti moja na mizigo ya abiria, eti vyakula vitaharibika. Wapagazi wa stendi, ambao huwa wanagombania mzigo wako kabla hujashuka, kwake walitazama pembeni. Na hata akitokea mtu wa kumsaidia, yeye mwenyewe hakukubali. Alisema mkosi kama upo ubaki kwake. Basi akaanza kudanganya kwamba ni kinanda cha kanisa. Uongo huo ulimsaidia mpaka siku basi lilipoharibika karibu na Mbinga, na ndani walikuwamo wanakwaya waliotoka kwenye mashindano. Walimwomba awapigie wimbo mmoja tu, wapoteze muda. Akawaambia vidole vinamuuma. Wakaimba bila kinanda, na yeye amelikumbatia begi, anaitikia sauti ya nne.

Kwa nini alijitesa hivyo? Kwa sababu kwetu mtu asipozikwa msiba hauishi. Watu wanakaa. Wanalala kwenye mikeka, wanapika, wanaimba, siku zinakwenda, majirani wanaanza kurudi mashambani mmoja mmoja kwa aibu, na hakuna mwenye ubavu wa kusema sasa matanga yaanuliwe. Utaanua vipi wakati hujazika? Nimeziona familia zilizobaki hivyo. Mama anaendelea kuweka sahani.

Jinsi alivyofanya kazi yake hakumsimulia mtu. Mimi nilijua kidogo, na kidogo hicho nilikijua kwa kuuliza ujinga. Nilimwambia, si umfunge marehemu kamba, watu wa juu wavute? Alinikasirikia kweli kweli. Alisema yeye hamfungi mtu kamba kama mbuzi wa mnadani. Alimkumbatia. Mkono mmoja chini ya kwapa, uso wa marehemu kwenye bega lake, na mkono wa pili kwenye kitufe cha hewa. Alipanda naye polepole mpaka juu, akamkabidhi kwa mama yake akiwa mikononi mwa mtu, si kwenye kamba. Kwa sababu hiyo jaketi lake lilikuwa kubwa, la kizamani, lenye bamba gumu mgongoni na mfuko wa hewa mpana. Ndilo lililokuwa na nguvu ya kupandisha watu wawili.

Halafu mgongo ukaharibika. Aliinama kufunga kamba ya kiatu, akabaki ameinama. Daktari alimwambia akome kubeba vitu vizito, na lile begi ndilo lilikuwa la kwanza kutajwa. Hapo ndipo tulipoanza kutafuta jaketi jepesi la safari, na msimu mzima wa kiangazi haukuzungumzwa jambo lingine kibandani kwangu.

Binti yake, anayeishi Dar, alimtumia picha kwenye simu. Mzee alikuja nazo kila asubuhi, anaivuta picha kwa vidole mpaka inakuwa ukungu. Kumbe siku hizi kuna majaketi yasiyo na bamba kabisa, mgongo wake ni kitambaa tu, unalikunja mpaka linaingia kwenye mkoba wa kwapani. Kuna yenye klipu za plastiki badala ya pete za chuma. Kuna yaliyopunguzwa sponji, yaliyopunguzwa mifuko, yenye mikanda myembamba. Nilivutiwa, nakiri. Mimi ni mtu wa mishono, na ile kazi ilikuwa safi. Kila moja nililisifia, na kila moja alilipatia kasoro. Hili mkanda wake utamkata begani. Hili zipu itashika mchanga. Hili rangi yake ya waridi, wafiwa watasema nini?

Nikajaribu kulipunguza lile la zamani. Nilitoa sponji ya mabegani, nikakata mifuko miwili isiyotumika, nikabadilisha pete zote za chuma nikatia za plastiki. Alilinyanyua kwa vidole vyake. "Umeliondolea nyama, fundi. Mfupa umebaki pale pale." Mfupa ni lile bamba, na bamba halikatwi, kwa sababu ndilo linaloshika mtungi. Nikamwambia basi nitakushonea jipya la turubai. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto aliyesema atajenga ghorofa.

Nilipendekeza pia niwe nambebea begi mwenyewe, tusafiri wote. Akasema kibanda changu kitafungwa na wateja watahama. Nilipendekeza lile la zamani liachwe Mbamba Bay kwa mwenzake pamoja na mitungi. Akasema huko panya ni wengi. Nilidhani ni uzee tu na ubishi, nikaacha.

Mwishowe binti alichoka kuuliza akanunua analolipenda yeye, likaja kama kifurushi cha basi. Lilikuwa la kijivu. Mzee alilitundika kwenye kidole kimoja, kidole hakikupinda. Nilifurahi mimi kuliko yeye. Alilikunja, akalikunjua, akapuliza hewa kwa mdomo kwenye mpira wake, akalitazama linavyovimba mbavuni. Halikuvimba sana.

"Hili limetengenezwa kwa ajili ya mtu anayekwenda kuangalia samaki na kurudi," alisema. "Tukalijaribu."

Nyumba moja ya wageni nje ya mji ilikuwa na bwawa la kuogelea ambalo halikuwa limebadilishwa maji muda mrefu. Mwenye nyumba alikuwa anamfahamu, akatupa ruhusa mchana wakati hakuna wageni. Mtungi mmoja aliuagiza kwa mwenzake, ukaja kwenye lori la mahindi. Nilidhani nimekwenda kushika taulo. Kumbe nimekwenda kuwa maiti.

Mimi sijui kuogelea, na mwili wangu si mdogo. Nilimwambia atumie gunia la mchanga. Akasema gunia halina mikono. Akanifunga kiunoni mkanda wenye vipande vizito vya madini ya risasi ili nisielee, akanipa mdomo wa pili wa kupumulia unaotoka kwenye mtungi ule ule, akaniambia nilegee, nisimsaidie kwa lolote, nifumbe macho. Tukashuka kwa ngazi kwenye ule upande wenye kina, mpaka maji ya kijani yakanifunika utosi.

Sijawahi kumsimulia mtu hili vizuri. Kule chini kulikuwa na kelele ya pumzi zangu tu. Kisha akanikumbatia. Mkono ulipita chini ya kwapa langu, mkono mwingine ukashika kisogo changu, ukaulaza uso wangu begani kwake, taratibu, kama anayemhamisha mtoto aliyelala kutoka kwenye kochi kwenda kitandani. Na nikamsikia anavuma. Alikuwa na ule mdomo wa plastiki meno yamebana, lakini kooni mwake kulikuwa na sauti, sijui ni wimbo au ni maneno, sauti ya kumtuliza mtu. Nililia mle majini. Nilifikiria wote aliowavumia na hawakusikia.

Tuliposimama chini kabisa alibonyeza kitufe. Nilisikia jaketi likijaa, likatubana. Hatukupanda. Akabonyeza tena, hewa ya ziada ikatoka ikaenda zake juu kwa mapovu. Miguu yake ikaanza kupiga maji, nikahisi kifua chake kinavyohangaika dhidi ya changu, mgongo wake unavyokakamaa. Tulipanda kidogo, tukarudi. Hatimaye alinisukuma kwenye ngazi, nikapanda mwenyewe kwa miguu yangu, maiti gani huyo.

Alikaa ukingoni muda mrefu, maji yanamchuruzika masikioni. Nilimuuliza mgongo vipi.

"Linanibeba mimi tu," alisema.

Nikamwambia, basi sasa kamba haina budi. Alinisemesha neno moja tu la Kinyasa ambalo sitalitafsiri hapa, na kwa muda akawa hapiti tena kibandani kwangu. Nilimwona kwa mbali, sokoni, akinyanyua maboga.

Majaketi yote mawili aliyaweka sebuleni, kila moja kwenye begi lake, chini ya picha ya ndoa. Simu zilipopigwa aliwaambia watu ukweli ule ule, na nadhani mwenyewe aliuamini: bado anachagua, vifaa vyake bado havijakaa sawa. Watu wanaelewa habari ya vifaa. Walikata simu kwa adabu. Wengine ndugu zao waliibuka wenyewe, wengine hawakuibuka. Mimi nilikuwa nasikia habari hizi kwa majirani na sikuwa na la kufanya. Ningefanya nini? Nilishashona kila kinachoshoneka.

Mara ya mwisho kukaa naye ni siku aliponitumia mtu asubuhi, niende haraka. Nilikuta jozi mbili za viatu vya wageni mlangoni, zimejaa vumbi jekundu. Ndani walikaa mume na mke wa makamo, wakulima kutoka Lusewa, watu ambao ziwa hawakuwahi kuliona mpaka lilipowachukulia mtoto. Kijana wao alikwenda Mbamba Bay kutafuta kibarua, mtumbwi ukapinduka karibu na miamba. Wazamiaji wengine walishatafuta na kuondoka, kazi zao ni nyingi. Kwao huko Lusewa watu bado wamekaa msibani, alisema yule baba, na mahindi yanaharibika shambani, na hakuna anayeweza kuwaambia waende.

Mzamiaji alikuwa amevaa shati la kanisani. Nikaelewa kwamba ameniita ili asiwe peke yake wakati wa kukataa. Aliyaleta mabegi yote mawili, lile la zamani akiliburuta sakafuni, akayafungua mbele yao kama anayeonyesha bidhaa. Akawaeleza yote kwa upole, bamba, mfuko wa hewa, mgongo wake, daktari.

"Hili siwezi kulibeba mimi," alisema. "Na hili haliwezi kumbeba yeye."

Yule baba aliyatazama. Ni mtu aliyezoea magunia, hilo lilionekana shingoni mwake. Aliinuka, akafunga zipu ya begi la zamani, akalitupia begani kwa mkono mmoja. Lile begi ambalo wapagazi wa stendi walilikimbia, yeye alilibeba kama jembe.

"Hili nitalibeba mimi, mzee. Kutoka hapa mpaka majini. Ukitaka na wewe nitakubeba."

Nilimtazama Mzamiaji. Nilitegemea aseme habari ya mkosi, au ya panya, au ya zipu. Nimekuwa fundi miaka mingi, naona mshono ukiachia, na pale niliona. Hapakuwa tena na kitu cha kuchagua. Alikaa chini kwenye kochi taratibu, mikono juu ya magoti.

"Baba," alisema, "si begi. Begi nilikuwa nasingizia. Mimi siwezi tena kushuka. Naogopa. Nikifumba macho nawaona wote, nikifika ukingoni miguu inakataa. Nisamehe sana."

Nje mtu alikuwa anafua, tulisikia anavyokung'uta nguo. Yule baba alibaki amesimama, begi begani. Nilitaka kumwambia atue, nikashindwa. Kisha mkewe, ambaye tangu nimeingia hakuwa ametamka lolote, alisema bila kuinua macho kutoka kwenye mkeka.

"Basi mfundishe baba yake."

Mzamiaji alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye jibu. Mtu asiyejua hata kuogelea, mwenye umri ule, kwenye maji yale, ni kumpeleka akafe na yeye. Yeye alilijua hilo kuliko sisi sote, na nina hakika mama yule pia alilijua. Lakini Mzamiaji alikuwa ameshakataa mara moja, na nadhani hakuwa na nguvu ya kukataa mara mbili.

Akainuka. Akamshusha yule baba begi, akalitoa jaketi, akampitisha mkono wa kulia, akampitisha wa kushoto. Akavuta mkanda wa kifuani, akabana klipu ya tumboni. Ule wa begani nikaufunga mimi. Yule baba alisimama ametulia, kidevu juu, anajiangalia kifuani, kama mtu aliyekwenda kwa fundi kupima koti la harusi ya mwanawe.

"Linanikaa?" aliuliza.

"Linakukaa," Mzamiaji alisema.

Tukabaki tumesimama watatu pale sebuleni, na yule mama chini kwenye mkeka, na hapakuwa na mtu kati yetu aliyeweza kumwambia alivue.